Nahashon Momanyi na Mpini Alioulaumu

Nahashon Momanyi Ogeto alikuwa na kanuni moja, na yeyote aliyewahi kushika bastola ya upepo mbele yake aliisikia kabla hata ya kumjua jina: chembe ya risasi ikienda kombo, usilaumu bastola, jikague mwenyewe kwanza. Aliwaambia wageni, aliwaambia wafanyakazi wenzake, na hakumpunguzia mtu. Kanuni hiyo aliisimamia miaka mingi. Aliivunja mara moja tu, juu ya mkono wake mwenyewe, na ndiyo sababu leo, Ijumaa tarehe 24 Januari 2025, tumekutana hapa Doha kumwombea kabla mwili wake haujasafirishwa kwenda Tabaka.

Wengi wanaamini kwamba wasifu wa marehemu si mahali pa kutaja kosa lake. Huu utalitaja. Mwenyewe aliagiza hivyo akiwa kitandani, tena mbele ya mashahidi, na agizo la mtu anayekufa halibadilishwi ili waliobaki wasikie vizuri.

Nahashon alizaliwa tarehe 9 Machi 1983 katika kijiji cha Nyabigege, Tabaka, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Kisii. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Ogeto Nyamwange na Mama Nyaboke. Baba yake alikuwa mchongaji wa mawe laini ambayo yameipa Tabaka jina, na katika boma lile mtoto alijua kushika tupa kabla ya kushika penseli. Mama Nyaboke husimulia kwamba Nahashon akiwa na umri wa miaka saba alichonga kiboko, mguu mmoja ukatoka mfupi kuliko mingine, mnyama akawa anaanguka kila akisimamishwa. Mtoto akaja kwa baba yake akilia kwamba jiwe ni bovu. Mzee Ogeto alichukua kipande kilichobaki cha jiwe lile lile, akaketi, akachonga bakuli dogo lililokaa wima kwenye meza bila kutikisika. Kisha akamkabidhi mwanawe na kurudi kwenye kazi yake. Bakuli hilo bado liko nyumbani kwa Mama Nyaboke, na humo ndimo anamoweka vifungo vya nguo. Kanuni ya Nahashon ilitoka pale.

Alisoma katika shule ya msingi ya hapo kijijini na kumaliza darasa la nane mwaka 1997. Aliendelea na sekondari hadi kidato cha nne, akafanya mtihani wake mwaka 2001. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Mwaka 2002 alijiunga na chuo cha ufundi cha vijana, akasomea useremala kwa miaka miwili. Walimu wake walimkumbuka kwa jambo moja: hakuwahi kuomba mbao nyingine. Kama kiungo hakikukaa, alikifungua na kuanza upya na mbao ile ile.

Alifanya kazi ya uchongaji pamoja na baba yake, kisha akawa mlinzi jijini Nairobi. Tarehe 2 Juni 2013 alifika Doha, bado akiwa mlinzi, akalala kambini Al Rayyan na kusimama kwenye lango la maghala kule Umm Salal, mahali ambapo kivuli pekee ni cha mtu mwenyewe. Mwaka 2016 kampuni yake ilimpangia lindo katika ukumbi mmoja wa kulenga shabaha. Kazi yake ilikuwa mlango. Lakini siku moja mpini wa bastola ulipasuka wakati fundi alikuwa likizo, naye akaomba aujaribu. Aliurudisha kesho yake, na mteja aliyeshika bastola ile hakutaka kuiweka chini. Mudiri, yaani meneja wa ukumbi, akaomba ahamishiwe kwake. Kuanzia tarehe 1 Novemba 2016 Nahashon alikuwa mhudumu wa ukumbi na mchongaji wa mipini.

Kazi hii inapaswa kuelezwa, maana wako ndugu nyumbani waliomwambia Mama Nyaboke kwamba mwanawe anafundisha watu kuua. Bastola ya upepo haina baruti. Hewa iliyobanwa husukuma kichembe cha risasi laini, kichwa chake bapa, kikatoboa kadi iliyo mita kumi mbele na kuacha tundu safi la mviringo, kana kwamba karatasi imetobolewa kwa mashine ya ofisini. Hakuna moshi wala mshindo. Mlengaji husimama ubavu, mkono mmoja mfukoni, mwingine umenyooka mbele, na kitu pekee kinachomsumbua ni pumzi yake. Nahashon alikuwa Msabato, na alipenda kusema kwamba ukumbi ule ukiwa na watu kumi huwa kimya kuliko kanisa tupu.

Ukumbini kulikuwa na bastola nyingi, lakini tatu ndizo alizozipenda. Yeye na mhudumu mwenzake Collins, Mluhya mwenye utani mwingi, walizipa majina.

Ya kwanza waliiita Punda. Ilikuwa bastola ya springi, ya watu wanaoanza. Ukifyatua, springi inaruka ndani na bastola inapiga teke, tena teke lenyewe linaanza kabla chembe haijatoka kwenye mtutu. Wateja wengi waliichukia. Nahashon aliipenda kwa sababu ilimlazimisha mtu atulie hata baada ya kufyatua. Anayeshusha mkono mapema anaumbuliwa na kadi palepale. Siku mtu alipoielewa Punda, alitabasamu peke yake kama mtoto aliyejua kuendesha baiskeli.

Ya pili ilikuwa Kimya, ya kisasa, yenye mtungi wa hewa chini ya mtutu na kifyatuo chepesi mno. Ndani yake kuna kipande cha chuma kinachorudi nyuma wakati uleule chembe inapokwenda mbele, ndiyo maana mkono hausikii chochote. Raha ya Kimya ni hiyo. Unalenga, unaminya taratibu, na unaona tundu limetokea kwenye duara jeusi kana kwamba limejitoboa lenyewe. Lakini Nahashon aliwaonya wateja kwamba Kimya haikupi kisingizio. Punda unaweza kuisingizia teke. Kimya, ukikosa, umekosa wewe.

Collins alilijua hilo katika wiki yake ya kwanza kazini. Alipiga chembe tatu, zote zikapita nje ya kadi.

“Fundi, hii kitu imepinda!” alilalamika.

Nahashon akaichukua, akasimama, akatoboa katikati ya duara, akamrudishia.

“Sasa imenyooka. Endelea.”

“Buda, wewe ni mchawi.”

“Mimi ni Msabato. Nyoosha mkono.”

Ya tatu, na ndiyo aliyoipenda kuliko zote, ilikuwa Mzee. Hii ilikuwa bastola ya zamani isiyo na mtungi wala springi. Ubavuni ina mkono wa chuma. Unauvuta hadi mwisho, unaurudisha kwa nguvu, na hapo umebana hewa ya chembe moja tu. Ukitaka nyingine, unaanza tena. Ukumbi ulikuwa umeiacha kabatini kwa sababu wateja waliiona inachosha. Nahashon aliona kinyume chake. Kule kuvuta na kurudisha, alisema, kunampa mtu nafasi ya kusahau chembe iliyopita, nzuri au mbaya. “Hizo zingine zinakupa,” alimwambia mkewe mara nyingi. “Mzee unampa kwanza.” Mudiri alimruhusu kuitumia Ijumaa asubuhi kabla ya kufungua, na Nahashon akaichongea mpini mpya wa mbao nyeusi, kwa kipimo cha mkono wake wa kulia: kitako cha kiganja, mfereji wa kidole gumba, na vishimo vitatu vya vidole. Aliyeshika mpini uliochongwa kwa kipimo cha mkono wake, alisema, haibebi tena bastola. Ananyoosha kidole tu.

Nahashon alikutana na Jerusha Kwamboka kwenye makambi ya kanisa mwezi Agosti 2009. Jerusha alikuwa akiimba sauti ya pili, naye Nahashon, ambaye hakuwa mwimbaji, alijiunga na kwaya kwa wiki moja na kuondolewa kwa heshima. Walifunga ndoa Jumapili tarehe 19 Desemba 2010. Mungu aliwajalia watoto wawili, Michelle mwaka 2012 na Bradley mwaka 2015, baada ya likizo ya baba yake nyumbani. Mwaka 2018 watoto walibaki kwa nyanya yao Tabaka, Jerusha akaja Doha kufanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli. Walipata chumba Najma, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kilichotengwa na cha jirani kwa ubao mwembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya walimwambia pole.

Katika chumba hicho Jerusha alimzoea mumewe na chupa yake. Kila jioni Nahashon alibandika kidoti cheusi ukutani, akashika chupa ya maji iliyojaa nusu, akanyoosha mkono na kuilenga ile nukta. Maji ndani ya chupa hayakutikisika. Jerusha alikunja nguo huku akimtania kwamba ameolewa na sanamu. Hayo yalikuwa mapumziko yao, na wote wawili walijua kwamba walikuwa wameacha watoto nyumbani ili angalau wao wawe pamoja. Mtu akisahau hilo hataelewa yaliyofuata.

Mwezi Februari 2024 matundu ya Mzee yalianza kwenda kushoto na chini. Si kwa mbali. Mtu mwingine asingeyaona. Nahashon aliyaona. Akasema mbao imekauka kwa sababu ya hewa ya mashine za kupoza, akaupeleka mpini nyumbani, akapunguza upande mmoja kwa tupa. Ijumaa iliyofuata chembe zilikwenda kushoto tena. Akapunguza tena. Mwezi Machi alikuta mkono wa chuma wa Mzee ni mgumu kurudisha. Akatia mafuta kwenye bawaba. Mwezi Aprili chembe zilimponyoka alipokuwa akizipakia. Akasema sanduku lile limetengenezwa vibaya.

Hili lilikuwa kosa ambalo fundi wa mipini peke yake angeweza kulifanya. Mtu mwingine, mkono ukimsumbua, hana kitu cha kurekebisha isipokuwa mkono. Nahashon alikuwa na mbao, alikuwa na tupa, na alikuwa na ustadi wa kubadilisha mbao ifuate mkono popote mkono ulipokwenda. Kila alipochonga, mpini uliushika ule mkono dhaifu vizuri zaidi, na kwa siku chache matundu yalirudi katikati. Alifurahi. Kisha yalihama tena. Ustadi wake ndio uliomfichia ugonjwa.

Collins aliona. Mwezi Mei, wakifagia ukumbi, aliokota kadi ya Nahashon na kuiinua kwenye taa.

“Heh! Fundi leo amepiga kama mteja.”

“Ni mpini. Bado haujakaa.”

“Ni mpini?” Collins aliangua kicheko. “Si wewe hutuambia tusilaumu bastola? Ama hiyo sheria ni ya Waluhya peke yake?”

“Fagia, Collins.”

“Nafagia, mzee wangu. Lakini mpini ungekuwa na mdomo, leo ungekushtaki kwa chifu.”

Wote wawili walicheka. Collins amelia sana juu ya kicheko hicho, na familia inamwambia hadharani kwamba hana deni. Alisema kweli. Aliyeisikia ndiye aliyepaswa kuitii.

Jerusha hakucheka. Yeye alikuwa ameyaona maji kwenye chupa. Yalikuwa yakitikisika, kidogo tu, na Nahashon alipogundua anatazamwa aligeuza mgongo kati ya mkewe na chupa. Baadaye aliacha zoezi lile kabisa, akasema amechoka. Asubuhi alichukua muda mrefu kufunga vifungo vya shati. Mwezi Juni alimwaga chai, akabadilisha kikombe, akamwaga tena.

“Baba Michelle, huo si mpini. Ni mkono.”

“Mkono hauumi.”

“Sijasema unauma. Nimesema ni mkono. Jana umemwaga chai, leo umemwaga chai.”

“Kikombe kilikuwa moto.”

“Kikombe pia? Kwanza mbao, halafu mafuta, sasa kikombe. Kesho utasema ni mimi.”

Nahashon aliketi kitandani. Kisha akasema lile lililokuwa moyoni mwake, kwa sauti ya chini ili jirani asisikie.

“Nikienda hospitali wakiandika mkono wa kulia ni mgonjwa, mimi ni fundi wa nini? Watanikatia tiketi. Wewe utabaki hapa na hiki chumba, mimi nikae Tabaka nikitazama mlango. Tuliacha watoto ili tuwe wawili, Mama Michelle. Sasa tuwe mmoja mmoja?”

“Afadhali uwe Tabaka ukiwa hai.”

“Nani amesema nakufa? Ni mpini.”

Woga wake haukuwa wa kijinga. Kila aliye hapa anajua kwamba kibali chake cha kukaa kimefungwa kwenye kazi yake, na wengi mliomo humu mmewahi kuficha homa, mgongo au jino ili msimamizi asijue. Ndiyo maana jambo hili linasomwa kwa sauti. Woga unaoeleweka bado ni woga, na mtu anayewadai wengine ukweli juu ya mikono yao hana ruhusa ya kuuficha wa kwake.

Jerusha alijaribu kila njia. Alimbembeleza, alinyamaza siku nzima, aliomba pamoja naye, aliomba peke yake katika chumba cha kufulia huku mashine zikimfunika sauti. Alitaka kumpigia mudiri simu. Alishika simu, akaiweka chini, kwa sababu aliogopa kuwa ni yeye atakayekuwa amemfukuzisha mumewe kazi. Mwishowe alificha tupa ndani ya debe la mchele.

“Mama Michelle, umeona tupa yangu?”

“Ipi?”

“Ile ndogo.”

“Uliza mpini wako. Nyinyi ndio mnaongea siku hizi.”

Hakumkasirikia. Alishuka dukani chini, akarudi na nyingine. Jerusha alipotoka kazini alikuta vumbi jeusi la mbao juu ya shuka, na mpini umekonda hadi kichwa cha parafujo kimeanza kuonekana. Alilipangusa vumbi lile kwa kiganja, akalikusanya, hakujua alitupe wapi. Aliketi nalo mkononi hadi Nahashon akarudi kutoka bafuni, naye akapita bila kuuliza ni kitu gani ameshika.

Hivyo ndivyo Julai na Agosti zilivyokwenda.

Katika miezi hiyo yote Nahashon hakuigusa Kimya. Wateja wakimwomba awaonyeshe, alimwita Collins. Alijua sababu, na baadaye alikiri kwa Jerusha kwamba alijua. Lakini Alhamisi tarehe 19 Septemba 2024 mudiri alirudishiwa Kimya kutoka matengenezoni na akamwomba Nahashon aijaribu kabla ya kumpa mteja. Hiyo ilikuwa kazi yake. Hakuwa na njia ya kukataa.

Alisimama. Alinyoosha mkono. Alipiga chembe tano. Hakuna mbili zilizokuwa jirani. Moja ilikuwa kwenye kadi ya mlengaji wa pembeni, ambayo hakuilenga.

Collins alikuwa nyuma yake, na mara hii hakutania.

“Sema kitu,” Nahashon alimwambia bila kugeuka.

“Unataka niseme nini, Fundi?”

“Sema kile ninawaambianga nyinyi.”

Nahashon akaisema kanuni yake mwenyewe, mara moja, kama mtu anayesomewa hukumu na kuirudia ili iandikwe. Kisha akafanya kama sheria ya ukumbi inavyotaka: akapitisha uzi wa rangi ndani ya mtutu kuonyesha kwamba bastola haina kitu, akailaza mezani, akaondoka kwenye mstari. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mudiri, akanyoosha mkono wake wa kulia juu ya meza ili uonekane.

“Mkono huu ni mgonjwa,” alisema. “Tangu Februari.”

Mudiri alimpeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe, saa ile ile. Hakumfukuza. Alimweka kwenye orodha ya wafanyakazi hadi siku ya mwisho, na alisema mbele ya Jerusha kwamba hata bila mkono angemhitaji, kwa kuwa mtu anayejua kufundisha hufundisha kwa mdomo. Nahashon aliposikia hayo alifunika uso. Jambo alilolikimbia miezi yote ile halikuwapo.

Picha za kichwa zilionyesha uvimbe upande wa kushoto wa ubongo. Daktari alieleza kwamba ndio uliokuwa ukiunyang’anya mkono nguvu, kidogo kidogo. Jerusha aliuliza swali moja: mumewe angekuja Februari, ingekuwaje? Daktari alisema hilo halisaidii kwa sasa. Jerusha akauliza tena. Daktari akavua miwani.

“Februari ulikuwa mdogo,” alisema. “Tungeutoa wote.”

Tarehe 3 Oktoba 2024 Nahashon alifanyiwa upasuaji na kutolewa kilichoweza kutolewa. Mkono wa kulia haukurudi. Mwezi Novemba mguu ulifuata. Jerusha alitoka kazini na kwenda wadini, alitoka wadini na kwenda kazini, na katikati alipiga simu Tabaka ili watoto wamwone baba yao. Bradley alimwuliza baba yake kwa nini anapunga kwa mkono wa kushoto. Nahashon alimjibu kwamba wa kulia ameuweka upumzike. Baada ya simu alimwambia Jerusha kwamba hatamdanganya mtoto tena, hata kwa jambo dogo kama hilo, na kesho yake alipiga simu akamweleza Bradley ukweli wote kwa maneno ambayo mtoto wa miaka tisa angeyaelewa. Madaktari walisema hawezi kusafiri. Mama Nyaboke aliimba wimbo wa kanisa kwenye simu, wote, beti kwa beti.

Katika wiki ya kwanza ya Januari Collins alikuja na mpini wa Mzee. Bastola yenyewe hairuhusiwi kutoka ukumbini, basi mudiri aliufungua mpini na kumpa. Collins aliuweka katika mkono wa kushoto wa Nahashon. Haukumkaa, kwa kuwa ulichongwa kwa mkono mwingine. Aliupapasa kwa kidole gumba, mahali palipokonda, mahali parafujo ilipotokeza.

“Ulikuwa mpini mzuri,” alisema. “Niliuonea.”

“Usiongee hivyo, Fundi.”

“Nyamaza nikwambie. Siku watasoma maneno yangu, msiseme mkono ulinidanganya. Mkono uliniambia kila Ijumaa. Semeni nililaumu mpini, na haukuwa na kosa. Jerusha, umesikia?”

“Nimesikia.”

“Wasomee hapa Doha kwanza. Kisha nyumbani.”

“Nimesikia, Baba Michelle. Lala.”

Nahashon Momanyi Ogeto alifariki Jumanne asubuhi, tarehe 14 Januari 2025, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Jerusha alikuwa ameushika mkono wake wa kulia, ule ambao haukuweza kumjibu.

Ameacha mjane, Jerusha Kwamboka. Watoto wawili, Michelle na Bradley. Mama yake, Mama Nyaboke. Ndugu zake, Rael, Dedan na Charity. Na wenzake wa ukumbini, ambao Collins amesimama kwa niaba yao. Atazikwa Tabaka Alhamisi tarehe 30 Januari 2025, kando ya baba yake. Baadhi ya ndugu walipendekeza mpini uwekwe jenezani pamoja naye. Jerusha hataki uzikwe. Anataka watoto wauone ulivyokonda, na waijue sababu.

Mwenyezi Mungu amlaze Nahashon kwa amani mpaka asubuhi ile tunayoingojea.

Aliulaumu mpini kuanzia Februari hadi Septemba. Miezi hiyo aliilipa kwa uhai wake.